Msitu Usiohesabiwa Hauna wa Kuulilia



Mtaa wetu unaitwa Hewa Bora. Jina hilo tunalitamka kila siku bila kulifikiri. Lakini simameni barabarani mwezi wa tisa, jua linapozama, wakati kila ua una mbabula iliyowashwa na mama zenu na dada zenu wanasonga bukari. Moshi wa makala hutanda juu ya mabati ya nyumba, ukachanganyika na moshi wa mioto ya porini inayokuja na upepo kutoka nje ya mji. Jioni ya namna hiyo jina la mtaa huwa ni matumaini zaidi kuliko habari.

Katika mkutano mmoja wa vijana, mmoja wenu alisoma kwenye simu yake kwamba mwaka 2022 nchi yetu ilipoteza zaidi ya hekta nusu milioni za misitu ya asili, ikawa ya pili duniani baada ya Brazili. Mwenzake akamjibu, "Hiyo ni misitu ya Équateur na Tshopo. Sisi wa Katanga tuna pori tu." Wa tatu akasema kwamba wenye kosa ni wachoma makala wa vijijini, na kwamba serikali iwafunge. Mabishano yalikuwa makali. Sisi walezi wenu hatukuwa na jibu siku ile, tukaomba muda. Haya ndiyo tuliyoyapata baada ya kusoma, kuulizana na kujichunguza wenyewe.

Neno letu ni hili: nchi isiyohesabu misitu yake mwaka baada ya mwaka haitajua siku ilipoipoteza. Na hesabu ambayo sisi wenyewe hatumo ndani yake haitatufaa kitu, kwa sababu itakuwa ni masengenyo juu ya wengine.

Msitu haufi kwa siku moja. Mti mmoja unakatwa leo, mwingine kesho, na jicho linazoea. Sisi tuliovuka miaka hamsini tunakumbuka uyoga uliochumwa na watoto waliokwenda kwa miguu baada ya mvua za kwanza na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Ninyi mnaujua uyoga kama kitu kinacholetwa mjini kwa baiskeli na kwa lori kutoka mbali. Kila kizazi hudhani kwamba pori lilianza pale lilipoanza siku chake kilipofumbua macho. Tena kumbukumbu za wazee hazilingani: mmoja husema msitu ulifika mtoni, mwingine husema ulikuwa umekwisha kukatwa zamani. Kwa sababu hiyo kumbukumbu peke yake haitoshi, na inahitajika hesabu.

Hesabu hiyo hufanywaje? Mwaka 1972 Marekani ilirusha angani setilaiti ya kwanza ya zile ambazo baadaye ziliitwa Landsat, na tangu wakati huo uso wa dunia umekuwa ukipigwa picha tena na tena kutoka juu. Mwaka 2008 hazina ya picha hizo ilifunguliwa kwa watu wote bila malipo. Kisha mwaka 2013 kundi la watafiti wakiongozwa na Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland lilichapisha ramani ya misitu ya dunia nzima. Walikuwa wameigawa nchi kavu katika vipande vya mita 30 kwa mita 30, kila kimoja kikiwa karibu sehemu ya nane ya uwanja wa mpira, wakakiuliza kila kipande swali moja: mwaka 2000 ulikuwa na miti, je, bado unayo? Jibu lilikuwa kwamba kati ya mwaka 2000 na mwaka 2012 dunia ilipoteza kilomita za mraba milioni 2.3 za misitu, na iliyoota au kupandwa upya ilikuwa kilomita za mraba milioni 0.8 tu.

Kwa upande wa nchi yetu, shirika la OSFAC la Kinshasa, linalochunguza misitu ya Afrika ya Kati kwa picha za setilaiti, lilishirikiana na wataalamu wa Marekani kuchora ramani za Kongo. Walikuta kwamba kati ya mwaka 2000 na mwaka 2010 nchi ilipoteza asilimia 2.3 ya misitu yake. Mtu akisikia hivyo atasema ni kidogo. Lakini walipoigawa miaka hiyo kumi katika mafungu mawili, waliona kwamba upotevu wa miaka mitano ya pili ulizidi ule wa miaka mitano ya kwanza kwa asilimia 13.8. Hapo ndipo faida ya kufuatilia kwa muda mrefu inapoonekana. Tarakimu ya mwaka mmoja hukuambia ulipo. Ukizipanga tarakimu za miaka mingi, zinakuonyesha unakokwenda na kwa kasi gani.

Sasa turudi kwa yule kijana aliyesema sisi tuna pori tu. Alikosea, lakini kosa lake lina mzizi, na mzizi huo ni neno "msitu" lenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo huita msitu eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufika mita 5, na matawi yanayofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Nchi yetu ilichagua kipimo chake: nusu hekta ile ile, miti ya mita 3, na kivuli cha asilimia 30. Badilisha kipimo, na msitu unaongezeka au unapungua kwenye karatasi bila shoka kugusa mti hata mmoja. Na ile tarakimu ya nusu milioni iliyosomwa kwenye simu huhesabu aina moja tu ya msitu: msitu mnene wa mvua ambao bado haujaguswa sana, ule wa bonde la mto Kongo.

Miombo yetu haimo humo. Miombo ni msitu wa miti inayoachana nafasi, majani mengi yakidondoka wakati wa kiangazi na kuchipua mekundu kabla mvua haijafika. Unaanzia Angola, unapita kwetu Katanga na Zambia, unafika Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kwa kipimo cha nchi yetu huo ni msitu kamili. Lakini kama miti yote kutoka Lubumbashi hadi Kasenga ingekatwa kesho, ile tarakimu inayosomwa katika magazeti ya dunia isingetikisika hata kidogo. Kijana wetu aliposema "pori tu" alikuwa anaona kama tarakimu ile inavyoona.

Lakini wapo walioutazama msitu wetu kwa makini. Mtaalamu wa mimea François Malaisse aliuchunguza kwa miongo mingi, hasa pale Luiswishi, karibu na mji wetu, na mwaka 1997 alichapisha kitabu kizima juu ya vyakula ambavyo watu wa miombo huvipata msituni: uyoga, viwavi, asali, matunda, mizizi. Mama zenu wanavijua vyakula hivyo bila kitabu. Wanajua pia kwamba uyoga fulani huota chini ya miti fulani tu, kwa sababu unaishi pamoja na mizizi yake. Mti ukiondoka, uyoga nao umeondoka.

Na hesabu yake? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Liège nchini Ubelgiji, walilinganisha picha za setilaiti za eneo lote linaloupatia mji wetu makala. Mwaka 1990 msitu ulifunika zaidi ya robo tatu ya eneo hilo. Mwaka 2022 ulikuwa umebaki takriban sehemu mbili kwa tano.

Isomeni tena hesabu hiyo, wanetu. Mwaka 1990 sisi tulikuwa na umri mlio nao ninyi leo. Karibu nusu ya msitu tuliokabidhiwa umetoweka kati ya ujana wetu na wenu, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuitaja siku uliyotoweka. Hatukuuchoma kwa chuki. Tuliupika, gunia baada ya gunia. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na haba na haba hukimwaga pia.

Hivyo tumefika kwa yule wa tatu, aliyetaka wachoma makala wafungwe. Tufikiri kwa haki. Mchoma makala hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiacha iive polepole kwa siku nyingi, akilala karibu ili moto usitoboe ukuta na kula kila kitu. Kutoka katika kilo 100 za kuni kavu, tanuri la udongo la namna hiyo hutoa kati ya kilo 10 na 20 za makala. Baada ya hapo huyapakia kwenye baiskeli, magunia yakizidi urefu wake mwenyewe, na kuyasukuma hadi mjini. Na mjini anamkuta nani? Anamkuta kila mmoja wetu amesimama na pesa mkononi. Asingekata kama tusingenunua. Anayetaka mtu huyo afungwe, na jioni anakula bukari uliopikwa kwa makala yake, bado hajajihesabu.

Ni kweli kwamba mchoma makala hayuko peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya nchi za bonde la Kongo ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na mwaka 2014 asilimia 84 ya misitu iliyoharibiwa ilitokana na mashamba madogo yanayolimwa kwa mkono. Kuuzunguka mji wetu, makala na mashamba ya mahindi huenda pamoja: anayekata kwa ajili ya tanuri humfungulia njia anayelima. Ongezeni matofali yanayochomwa kwa kuni, migodi inayofunua ardhi, na mukula, ule mti mwekundu uliokatwa kwa pupa katika muongo uliopita na kupitishwa Zambia kwenda China. Mwendeni Penga Penga mkaone ardhi iliyobaki tupu kwa moshi wa tanuri la shaba lililowashwa mwaka 1911. Tena umeme wa Inga huletwa hadi Kolwezi kwa nyaya ndefu zaidi ya kilomita 1,700, zilizojengwa kwa ajili ya migodi, zikipita juu ya vijiji vinavyopika kwa kuni. Mwenye uwezo mkubwa ana deni kubwa, na ni halali kulidai.

Lakini kosa likigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja hubaki na fungu lake. Tusiutumie ukubwa wa makosa ya wengine kama kivuli cha kujificha.

Sisi walezi tunalo fungu letu, na tunalikiri mbele yenu. Nchi yetu huadhimisha Siku ya Mti kila tarehe 5 Desemba. Mwaka mmoja tuliwaita vijana, tukapata miche mia mbili, tukaipanda kwa nyimbo, tukapiga picha. Tulihesabu miche iliyopandwa, tukaitangaza hesabu hiyo kwa furaha baada ya Misa. Hatukurudi. Mwaka uliofuata msichana mmoja wa kikundi chetu, bila kutumwa na mtu, alikwenda na daftari akahesabu iliyo hai. Alikuta ishirini na mitatu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine iliungua mwezi wa nane, mingine ilikauka tu. Alitusomea hesabu yake katika mkutano kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuwaaibisha wakubwa. Tulistahili aibu ile. Tangazo letu la mia mbili lilikuwa kweli siku moja tu.

Tulikumbuka mfano wa mtini katika Injili ya Luka. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta matunda, asipate, akataka mti ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, apalilie na kutia mbolea, kisha watazame tena. Tumezoea kuusoma mfano huo kama habari ya huruma, na ndivyo ulivyo. Lakini huruma ile ina tarehe na ina kazi. Mtunzaji anaujua mti wake, anajua umepewa miaka mingapi, anataja atakachofanya, na anakubali kwamba mwaka ujao utapimwa.

Msitu wetu nao unaomba mwaka zaidi, na una nguvu ya kuutumia. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, tangu miaka ya 1930 wataalamu walitenga viwanja vya majaribio. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, viligeuka kuwa nyika karibu bila miti. Vilivyochomwa mapema, nyasi zingali na unyevu, vilibaki na miti. Vilivyolindwa kabisa dhidi ya moto vilikuwa msitu mnene. Maana yake ni kwamba kulinda visiki dhidi ya moto wa mwezi wa tisa huenda kukaleta miti mingi kuliko sherehe yetu ya Desemba. Ni maana pia ya kuhesabu kila mwaka: kiwanja kilichoandikwa "kimepotea" leo kinaweza kurudi kikiachwa, na kurudi huko nako kunapaswa kuandikwa.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu ni kazi ya serikali na ya wazungu wenye setilaiti. Mwezi Novemba 2021, huko Glasgow, serikali yetu iliafikiana na wafadhili juu ya dola milioni 500 za kulinda misitu, ikaahidi kwamba upotevu hautazidi wastani wa miaka 2014 hadi 2018. Ahadi ya namna hiyo ni ya hesabu tupu. Raia asiyejua kusoma hesabu hataweza kuuliza kama imetimizwa, na asiyeuliza huletewa jibu lolote. Papa Fransisko alipoandika waraka wake Laudato si' mwaka 2015 alilitaja bonde la Kongo kwa jina, akiliweka pamoja na Amazoni. Dunia imekwisha kuelekeza macho kwenye bonde lile. Miombo inatungoja sisi tunaoishi kando yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa kila kikundi, kiwe cha Kiro, cha Xaveri, cha skauti au cha wanakwaya.

La kwanza, chagueni kipande kimoja cha pori mnachoweza kukifikia, kwa ruhusa ya mwenye ardhi au ya chifu. Kipimeni mita 30 kwa mita 30, ukubwa ule ule wa jicho la setilaiti. Hesabuni miti iliyosimama, visiki, na visiki vilivyochipua. Rudini kila mwaka mwezi ule ule, kwa maana miombo ya mwezi wa saba na miombo ya mwezi wa kwanza haifanani, na anayelinganisha miezi tofauti anajidanganya.

La pili, hesabuni magunia ya makala yanayoingia katika nyumba zenu kwa mwezi. Msiseme neno kwa miezi mitatu, andikeni tu. Kisha kaeni na wazazi mwone linalowezekana: mbabula isiyopoteza moto, kifuniko juu ya sufuria, maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku. Msiende kwa mama kama mahakimu. Yeye ndiye anayevuta moshi ule kila siku.

La tatu, isomeni hesabu yenu mbele ya jumuiya kila mwaka, hata ikiwa mbaya. Hasa ikiwa mbaya. Yule msichana mwenye daftari alitufundisha kwamba ukweli mdogo uliopimwa una heshima kuliko tangazo kubwa lisilorudiwa.

Hatuwaahidi kwamba daftari litausimamisha moto. Tunasema tu kwamba sisi tulipoteza nusu ya msitu bila kujua, na hatutaki ninyi muipoteze nusu iliyobaki kwa namna ile ile. Mkija kuwa na miaka hamsini, mtoto wenu akiwauliza msitu ulianzia wapi, msimjibu kwa kukisia kama tunavyowajibu sisi. Mfungulieni daftari.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni kitu gani ambacho wazazi wetu walikipata msituni kwa miguu, nasi leo tunakinunua sokoni? Kimetoka umbali gani?

2. Nyumba yetu hutumia magunia mangapi ya makala kwa mwezi, na nani kati yetu alikuwa anajua kabla ya kuulizwa?

3. Ni kazi gani ya kikundi chetu tuliyoitangaza, kisha hatukurudi kuihesabu? Tutarudi lini?